Bunduki ya marehemu: maswali yenu kuhusu silaha za kuwindia za urithi

Safu ya maswali ya toleo hili tumeitoa yote kwa jambo moja. Wazee waliowinda enzi za Tanganyika na miaka ya mwanzo ya Uhuru wanatutoka, na nyuma yao zinabaki bunduki ambazo familia inazipenda lakini haijui izifanyeje. Majibu yanahusu zaidi Tanzania. Pale msomaji alipoandika kutoka nchi nyingine tumejibu kwa nchi yake.

SWALI: Baba alifariki mwezi uliopita. Ameacha bunduki ya kuwindia ya .375 aliyoimiliki kihalali, na kitabu cha leseni kipo. Bunduki bado iko kabatini chumbani kwake. Kaka yetu mkubwa anasema yeye ndiye mrithi, basi ataendelea nayo. Je, leseni ya baba inamtosha? — Binti wa marehemu, Iringa

JIBU: Pole sana na msiba, dada. Leseni haimtoshi. Bunduki ni mali ya marehemu na inaingia kwenye mirathi kama shamba au gari, lakini leseni ni ya mtu binafsi na imekwisha siku mwenyewe alipofariki. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, kaka yako akikutwa nayo leo anahesabika kuwa na silaha bila kibali, hata kama ukoo mzima unakubali kuwa ni yake.

Fanyeni hivi, na msisubiri arobaini. Mmoja wenu aende kituo cha polisi cha wilaya akiwa na kitabu cha leseni na cheti cha kifo, au kibali cha mazishi kama cheti hakijatoka. Aeleze kwamba silaha iko nyumbani na aombe maelekezo ya OCD, mkuu wa polisi wa wilaya. Asiibebe kwanza. Kuipakia kwenye basi au bodaboda ikiwa imefungwa kwenye kanga ndiko kunakowaingiza watu wema matatani, kwa sababu ukisimamishwa njiani huna karatasi yoyote yenye jina lako. Mara nyingi polisi watakuja kuichukua, au watawapa mtu wa kuwasindikiza.

Kabla haijaondoka nyumbani andikeni mtengenezaji, kaliba (kipimo cha risasi yake), namba iliyo kwenye mwili wa bunduki na namba iliyo kwenye bolti (chuma chenye mkono kinachofunga nyuma ya mtutu), idadi ya risasi, na vitu vilivyoambatana nayo: darubini, mkanda, sanduku. Pigeni picha pande zote mbili, na picha ya karibu ya kila alama. Stakabadhi ya polisi iandikwe vitu hivyo hivyo. Darubini nzuri na sanduku la ngozi ndivyo hupotea kwanza, na bila maandishi hakuna wa kuulizwa.

Kuhusu kuhakikisha haina risasi ndani: kama nyumbani yupo mtu anayejua, aelekeze mtutu upande usio na watu, ainue mkono wa bolti, avute nyuma mpaka mwisho, kisha atazame chemba (tundu inapokaa risasi ya kupigwa) na magazini kwa macho na aingize kidole. Kama hayupo anayejua, msiiguse. Fungeni chumba, na mkabidhi ufunguo mtu mzima mmoja.

Baada ya hapo mnarudi kwenye njia ya kawaida. Kikao cha ukoo kinapendekeza msimamizi wa mirathi, mahakama ya mwanzo inamteua, naye ana miezi minne ya kuwasilisha orodha ya mali. Bunduki iandikwe humo pamoja na namba yake. Mkishakubaliana nani aichukue, huyo ndiye anayeomba leseni kwa jina lake, akianzia ofisi ya serikali ya mtaa au kijiji na kwenda juu hadi polisi. Aambatishe barua ya uteuzi wa msimamizi na muhtasari wa kikao uliosainiwa na warithi wote. Ombi likikataliwa, msimamizi anaweza kuiuza kwa mtu mwenye kibali cha kununua au kwa muuzaji wa silaha mwenye leseni, na fedha zikagawanywa. Muda wote huo bunduki inakaa polisi.

SWALI: Sisi ni Waislamu. Marehemu baba alitamka mbele ya watu kwamba bunduki yake ya kuwindia ni ya mdogo wetu wa mwisho, kwa sababu ndiye aliyekuwa akifuatana naye porini. Ameacha mjane, wana wawili na mabinti wawili. Dada zetu wanasema wamedhulumiwa. — Mwana wa kwanza, Tanga

JIBU: Kwa sheria ya mirathi ya Kiislamu, mrithi hausiwi juu ya fungu lake ila warithi wengine waridhie baada ya kifo. Kwa hiyo kauli ya mzee inaheshimiwa, lakini haiwafungi dada zenu. Njia inayotuliza nyumba ni kuitia bunduki thamani. Muuzaji wa silaha mwenye leseni aandike bei, nanyi mnaiingiza kwenye hesabu.

Tuseme mali yote baada ya madeni na gharama za mazishi ni shilingi milioni 48, na bunduki ndani yake imethaminiwa milioni 4. Mjane anapata thumuni, yaani milioni 6. Zinabaki milioni 42 za kugawa kwa mafungu sita: kila mwana mafungu mawili, milioni 14, kila binti fungu moja, milioni 7. Mdogo wenu anachukua bunduki ya milioni 4 na kuongezewa milioni 10. Dada zenu hawajapungukiwa hata senti, na neno la baba limetimia. Mumalize hili kabla ya kwenda polisi kuomba leseni, kwani pingamizi la mrithi mmoja linaweza kusimamisha ombi zima.

SWALI: Nimekamilisha leseni ya bunduki aliyoacha babu, aliyeinunua kwa mlowezi mwenye shamba la kahawa huku Kilimanjaro. Ina maandishi ya Mauser, Oberndorf, na vijialama vya taji chini ya chemba. Kaliba siioni vizuri. Kuna pia mkebe wa risasi za zamani zenye ukungu wa kijani. Polisi waliziorodhesha na kunirudishia. Nitajuaje kaliba, na risasi hizo zinafaa? — Msomaji, Moshi

JIBU: Ndugu yetu, usipige hata risasi moja mpaka swali la kwanza lijibiwe kwa kipimo. Kumbukumbu ya wajomba na maandishi ya kwenye mkebe si kipimo.

Anza na vijialama hivyo. Mauser ni kiwanda cha Kijerumani, na sheria ya Ujerumani ya mwaka 1891 ililazimisha kila bunduki ijaribiwe, na mihuri ya taji juu ya herufi B, U na G ndiyo ushahidi. G inaonyesha kwamba mtutu una mifereji ya mzunguko ndani. Ukiona N pia, bunduki ilijaribiwa kwa baruti isiyo na moshi. Bunduki iliyopitia Uingereza baadaye inaweza kuwa na muhuri wa London au Birmingham, na nyingine zimeandikwa NOT ENGLISH MAKE, alama iliyoanza kugongwa mwaka 1925 kwenye silaha za nje. Kaliba mara nyingi imegongwa upande wa chini wa mtutu, mahali panapofunikwa na mbao. Kwa hiyo fundi aitoe bunduki kwenye kitako kabla ya kusema haina alama.

Mauser za walowezi wa Kilimanjaro na Usambara mara nyingi huwa 9,3x62, yaani kipenyo cha milimita 9,3 na ganda la milimita 62. Risasi hiyo ilibuniwa na Otto Bock wa Berlin mwaka 1905 kwa ajili ya wakulima na wawindaji wa makoloni: kichwa, ile sehemu inayoruka, cha gramu 18.5 kikitoka kwa kasi ya karibu mita 720 kwa sekunde, ndani ya bunduki ya kawaida ya bolti isiyohitaji mwili mrefu wa gharama. Kama yako ni hiyo, umepata bunduki nzuri sana, na risasi zake bado zinatengenezwa Ulaya. Jua tu kwamba kwa nyati na tembo kiwango cha chini kinachofuatwa Tanzania ni .375 ya inchi, karibu milimita 9,5, na 9,3 iko chini ya hapo kidogo. Kwa pofu, kongoni na nguruwe pori inatosha na kubaki.

Shida ni kaliba zinazofanana majina au maumbo. Hizi ndizo zinazoharibu bunduki na macho ya watu:

8x57 ziko mbili. Ile ya zamani, J, ina kichwa chenye kipenyo cha milimita 8.08. Ile ya JS ina 8.20. Risasi ya JS inaingia chemba ya J bila kukwama, kisha kichwa kinalazimishwa kupita kwenye mtutu mwembamba na shinikizo linapanda mno.

Namba .318 inamaanisha vitu viwili. Kwenye bunduki ya Kiingereza ni .318 Westley Richards, ambayo kichwa chake kwa kweli kina inchi .330. Kwenye mazungumzo ya 8x57 J, .318 ni kipenyo cha kichwa kwa inchi. Hizo hazibadilishani hata siku moja.

10,75x68 ya Mauser na .404 Jeffery, ambayo Wajerumani waliiandika 10,75x73, zina vichwa vya karibu unene mmoja, ila ganda la moja ni fupi kwa milimita tano. Ukiweka fupi kwenye chemba ya ndefu, ganda halishikwi mahali pake na linaweza kupasuka.

Kwa upande wa heri, 7x57 na .275 Rigby ni risasi ile ile yenye majina mawili. Ndiyo aliyoitumia sana W.D.M. Bell kuwindia tembo Karamoja, Uganda, mwanzoni mwa karne ya 20.

Kuthibitisha, fundi wa silaha aliyeidhinishwa humimina kwenye chemba aloi yenye bismathi inayoyeyuka chini ya nyuzi 90 za sentigredi. Ikiganda anaisukuma itoke, na anapima umbo lake kwa vernia. Mtutu anaupima kwa kusukuma kipande cha risasi laini, ile metali yenyewe, kutoka mwanzo hadi mwisho. Ni kazi ya asubuhi moja. Mwombe pia apime nafasi kati ya uso wa bolti na kichwa cha chemba kwa vipimo vyake viwili: bolti lazima ifunge juu ya kile kifupi na ikatae kufunga juu ya kile kirefu. Ikifunga juu ya vyote viwili, bunduki haipigwi. Na alinganishe namba ya bolti na namba ya mwili. Zikitofautiana, bolti ilibadilishwa, na hapo kipimo hicho ndicho cha kwanza kufanywa.

Mkebe wa risasi: hazifai. Kutu ya kijani ni shaba inayoliwa, na shingo za maganda ya zamani hupasuka zenyewe kwa miaka. Baruti na fataki (kidude cha kuwashia baruti kwenye kitako cha ganda) zilizopigwa na joto la darini haziaminiki. Risasi ya namna hiyo inaweza kukataa kulia, au ikachelewa na kulia sekunde kadhaa baada ya kubonyeza triga. Rudisha zote polisi na uombe zifutwe kwenye orodha yako. Usizigonge, usizifungue, usizitupe chooni wala motoni. Na kama uwanjani siku yoyote risasi imekataa kulia, bakiza mtutu umeelekea shabaha, subiri dakika nzima, ndipo ufungue bolti.

Siku ya kwanza ya kuipiga, fundi aifunge kwenye stendi na kuvuta triga kwa kamba akiwa nyuma ya kinga. Risasi mbili au tatu mpya za kiwandani zinatosha. Maganda yake ndiyo yatakayosema: pete inayong'aa kuzunguka ganda, kama sentimita moja juu ya kitako chake, ni dalili kwamba ganda linanyooka na linataka kukatika. Fataki iliyobanwa ikawa bapa kabisa ni dalili ya shinikizo kubwa. Baada ya hapo, daima pakia kupitia magazini. Kucha ya Mauser, inayoshika ganda na kulitoa, imetengenezwa ikamate risasi inapopanda kutoka chini; ukidumbukiza risasi chembani na kufunga bolti juu yake, kucha inalazimika kuruka ukingo wa ganda, na ya miaka 100 inaweza kuvunjika.

SWALI: Bunduki ya marehemu mume wangu, .303, imekaa miaka katika sanduku lake la ngozi. Nilipolifungua nimekuta madoa ya kutu nje, na ndani ya mtutu kweusi. Kijana wangu ana leseni sasa. Aanzie wapi kuisafisha? — Mama, Pangani

JIBU: Shikamoo mama. Kwanza sanduku: bunduki isirudi humo. Ngozi hunyonya unyevu wa pwani na kuushikilia, na dawa zilizotumika kuitengeneza ngozi hula chuma. Sanduku litunzwe kando, kwani lina thamani yake, ila liwe tupu.

Kabla ya ufito wowote, kijana atoe bolti na kutazama ndani ya mtutu kutoka nyuma, mdomo ukielekea kwenye mwanga. Nyigu wa matope hupenda sana tundu la kipenyo hicho. Nyumba yao moja kavu ndani ya mtutu inatosha kuuvimbisha au kuupasua risasi ikipita. Ikiwepo, ilainishwe kwa maji ya moto na isukumwe polepole kutoka upande wa chemba. Isichokonolewe kwa waya.

Weusi wa ndani kwenye .303 za zamani una chanzo kinachojulikana. Fataki za risasi nyingi za kijeshi za zama hizo zilikuwa na klorati ya potasiamu, na ikilipuka inabakiza chumvi. Chumvi hiyo huvuta maji kutoka hewani usiku na mchana, nayo haiyeyuki kwenye mafuta. Ndiyo sababu mtu anapaka mafuta kila wiki na bado mtutu unaoza chini ya mafuta yake. Chumvi huondolewa na maji. Mtutu uelekezwe chini, faneli iwekwe kwenye chemba pamoja na kipande cha mpira ili maji yasiingie kwenye mbao, kisha yamiminwe maji yanayochemka, lita moja hivi. Chuma kikipata moto kinajikausha chenyewe.

Vikifuata vitambaa vikavu hadi vitoke vikavu, ndipo iingie brashi ya shaba yenye kimiminika cha kusafishia bunduki: mipigo kumi, kila mara kutoka chemba kwenda mdomoni, bila kubadili mwelekeo brashi ikiwa katikati. Ufito wa chuma usiguse ukingo wa mdomo. Milimita chache za mwisho ndizo zinazoelekeza risasi, na bunduki nyingi za urithi zimepoteza shabaha kwa kukwaruzwa hapo na kamba na fito za wasafishaji kuliko kwa kupigwa. Akimaliza apitishe kitambaa chenye mafuta machache, arudie kitambaa na mafuta kesho yake na keshokutwa. Kama kitambaa cha siku ya tatu bado kinatoka na rangi ya kutu, maji yarudiwe.

Mtutu ukibaki na vishimo baada ya hapo, usikate tamaa. Mtutu wenye vishimo vidogo na kingo za mifereji zilizo kali bado hupiga vizuri kwa umbali wa mita 100. Aamue kwa karatasi ya shabaha.

Madoa ya nje yapakwe mafuta mepesi na kuachwa usiku kucha, kisha yasuguliwe taratibu kwa sufu ya chuma laini kabisa, ile ya namba 0000, ikiwa imelowa mafuta. Kutu nyekundu inatoka na weusi wa chuma unabaki. Sasa ikae kwenye kabati la chuma lililofungwa ukutani kwa bolti, mdomo ukitazama chini, ili mafuta yasitiririke kuingia kwenye kitako na kuozesha mbao. Ndani ya kabati iwekwe silika jeli ya kubadilika rangi. Rangi ikigeuka, ikaushwe kwenye oveni kwa nyuzi 120 saa kadhaa, irudishwe. Kwa Pangani, afungue kabati angalau mara moja kwa mwezi na kuifuta kwa kitambaa cha mafuta, hasa pale mikono inaposhika: jasho ni chumvi pia.

SWALI: Fundi anasema kwa kazi ya wiki moja ataifanya bunduki ya babu iwe mpya: atapiga msasa chuma na kukitia weusi upya, atapaka vanishi kitako, na atatoboa juu ili ifungwe darubini. Bei yake ni nzuri. — Mrithi, Dodoma

JIBU: Mkatalie yote matatu. Msasa unakula kingo za maandishi, namba na mihuri, na namba iliyofifia inaweza kukuletea polisi swali gumu kuliko kutu yoyote. Weusi uliochakaa pale babu aliposhika akitembea ni sehemu ya bunduki hiyo. Mnunuzi anayejua hulipa zaidi kwa uchakavu wa kweli kuliko kwa mng'aro mpya. Vanishi huziba mbao na kung'aa juani, na wanyama wanaona.

Matundu ndiyo mabaya zaidi. Ukitoboa mwili wa Mauser mahali pasipofaa unadhoofisha pete inayoshikilia bolti, na hakuna ujazaji unaorudisha chuma. Mkono wa bolti ulionyooka nao utagonga darubini, kwa hiyo atataka kuukata. Tena sefti ya bawa ya Mauser, ile inayolala kushoto kupiga na kusimama juu kuzuia, haipiti chini ya darubini iliyofungwa chini, hivyo nayo itabadilishwa. Mwisho wake unabaki na bunduki isiyo ya babu. Kama macho yako yanataka darubini, nunua bunduki ya kisasa kwa ajili hiyo.

Kitako chenyewe kioshwe kwa kitambaa chenye sabuni laini kilichokamuliwa sana, kikauke siku mbili, kisha matone machache ya mafuta ya kitani yasuguliwe kwa kiganja mpaka mbao ipate joto. Baada ya dakika 20 futa yote yaliyobaki juu, subiri siku nzima, rudia. Mara tatu au nne zinatosha. Ukiacha mafuta yakae yanaganda kuwa utando unaonata vumbi la Dodoma. Na vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani vitandazwe nje vikauke, maana vikirundikwa huweza kuwaka vyenyewe.

SWALI: Kitako cha .375 ya mzee kina ufa mwembamba nyuma ya bolti, kwenye shingo. Nitie gundi ya mbao? — Msomaji, Songea

JIBU: Tafuta kwanza sababu. Chini ya chemba kuna kigingi cha chuma kinachosukuma mbao kila bunduki inapopiga teke. Skrubu mbili za chini zikilegea, au mbao nyuma ya kigingi ikilainishwa na mafuta, chuma chote kinarudi nyuma na kuipasua shingo kama kabari. Ukigundisha ufa bila kurekebisha hapo, utafunguka tena kwa risasi chache.

Fundi atoe chuma kwenye mbao, avute mafuta kwa unga wa chokaa laini uliochanganywa na asetoni, akiupaka na kuubandua hadi utoke mweupe, kisha aingize epoksi nyembamba kwenye ufa na kuubana saa 24. Nyuma ya kigingi aweke kitanda cha epoksi ili mguso uwe sawasawa, na nyuma ya mkia wa chuma, pale ufa ulipoanzia, abakize mwanya mdogo wa unene wa karatasi nene. Skrubu ya mbele ikazwe kwanza, ya nyuma ifuate. Gundi nyeupe ya maseremala, misumari na waya havifai kwa .375.

SWALI: Marehemu babu aliacha gobole. Halijawahi kuwa na karatasi. Tunaogopa kulitoa. — Familia, Singida

JIBU: Gobole ni silaha kisheria sawa na bunduki ya kiwandani, na kulificha kunawaweka wote wa nyumba hiyo hatarini. Serikali hutangaza vipindi vya kusalimisha silaha kwa hiari bila kushtakiwa, kama ilivyofanya mwaka 2023. Nje ya vipindi hivyo, pitieni kwa mwenyekiti wa kijiji au mtendaji, naye awafikishe polisi, na maelezo yaandikwe kuwa limepatikana katika mali ya marehemu. Mkiweza, mwende na mwanasheria au msaidizi wa kisheria. Msilijaribu kulipiga hata kidogo: mitutu mingi ya magobole ni bomba la maji au la usukani wa gari, haikujaribiwa popote, na linaweza kuwa na baruti na goroli ndani tangu mzee alipoliweka. Baruti nyeusi kavu haichachi kwa miaka. Waambieni polisi hilo waziwazi kabla hawajalishika.

SWALI: Nimeachiwa na babu .416 Rigby. Hapa kwetu uwindaji haupo. Naweza kuitundika ukutani kama ukumbusho? — Msomaji, Nakuru

JIBU: Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa burudani mwaka 1977, kwa hiyo huwezi kutoa uwindaji kama sababu ya kuihitaji. Hilo halikuondolei wajibu wa Sheria ya Silaha, Sura ya 114: bila cheti cha Bodi ya Leseni za Silaha hupaswi kuwa nayo hata kama haipigi, na mwenye cheti naye anatakiwa kuifungia mahali salama, si ukutani. Wakati unaamua, ikae polisi au kwa muuzaji aliyeidhinishwa, kwa stakabadhi. Usikubali bei ya haraka. Rigby walianza kuitoa risasi ya .416 mwaka 1911, na bunduki zao za kabla ya Vita vya Pili vya Dunia zilitengenezwa chache na zinatafutwa sana. Kampuni bado ipo London, na kwa namba ya bunduki inaweza kufukua kumbukumbu za mauzo zikiwepo. Karatasi hiyo pamoja na barua au picha za babu akiwa nayo vinaweza kupandisha bei kuliko ukarabati wowote, na barua na picha hizo hazihitaji cheti kukaa ukutani kwako.

SWALI: Naishi Columbus, Ohio, nina kadi ya kijani. Mjomba aliyefariki Arusha ameniachia bunduki ya mitutu miwili ya Kiingereza, .470. Nataka kuileta Marekani. Inawezekana? — Mpwa, Ohio

JIBU: Inawezekana, ila hutaipanda nayo ndege kwa kuikunja begini. Mirathi imalizwe kwanza Tanzania, halafu msimamizi aombe kibali cha kuitoa nchini. Upande wa Marekani, kadi ya kijani haikuzuii kumiliki bunduki; wanaozuiwa kwa kawaida ni wenye viza za muda, nao wana msamaha wakiwa na leseni halali ya kuwinda. Kuingiza kunahitaji Fomu 6 ya ATF, idara ya shirikisho inayosimamia silaha, iliyoidhinishwa kabla bunduki haijaondoka Arusha, na njia nyepesi ni kumtumia mfanyabiashara wa silaha mwenye leseni ya shirikisho hapo Ohio aombe kwa niaba yako na kuipokea. Silaha iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla inahesabika ya kale na ina masharti mepesi, lakini .470 Nitro Express ilizaliwa baada ya hapo.

Sasa tazama shabaha ya mbele, pale kwenye ncha ya mitutu. Bunduki nyingi za Kiingereza za namna hii zina kitufe kidogo cheupe, kidogo kuliko punje ya mchele, na baadhi ni pembe ya ndovu. Vingine ni enameli au pembe ya ngiri. Kikiwa cha ndovu, kinaingia chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, na kanuni za Marekani za mwaka 2016 zilizobana karibu kila biashara na uingizaji wa pembe za tembo wa Afrika, na forodha inaweza kushikilia bunduki nzima kwa ajili yake. Fundi aliyeidhinishwa Arusha akikague kwa lenzi na kuandika ni kitu gani. Kikiwa ndovu, msimamizi awasiliane na mamlaka ya wanyamapori kuhusu kukikabidhi, na fundi afunge cha shaba mahali pake kabla karatasi za kusafirishia hazijaandikwa.

Ikikufikia, soma kilichogongwa kwenye mitutu kabla ya kununua risasi. Kwa .470 utakuta 75-500: greni 75 za kodaiti (baruti isiyo na moshi) nyuma ya kichwa cha greni 500, yaani karibu gramu 4.9 na gramu 32.4. Mitutu hiyo miwili ilifungwa pamoja kiwandani ikapigwa na kurekebishwa hadi yote miwili ipige mahali pamoja kwa mzigo huo. Ukitumia kichwa chepesi au risasi ya kasi tofauti, mtutu wa kulia na wa kushoto vitaachana kwenye karatasi, na mtu asiyejua atadhani bunduki imeharibika. Usibonyeze triga zake kavu bila risasi bandia za mazoezi ndani, kwani pini za kufyatulia za bunduki hizi hukatika ncha, na pini moja iliyochongwa upya kwa mkono ni kazi ya fundi mmoja mmoja na miezi ya kusubiri.